Dampa ya L24 imekwama? Weka nyundo chini kwanza

Yakhe wa Mokowe, nimesoma swali lako mara mbili. Injini ya L24 ya Datsun 240K ya marehemu babako imetoka ovaholi, krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni) imepigwa graindi, beringi mpya, sasa dampa inayokaa mbele ya krenki imeingia nusu ikakwama na fundi anataka kuimalizia kwa nyundo na kipande cha ubao. Mwambie aweke nyundo chini anywe chai kwanza. (Na hongera, watu wakisikia Lamu wanajua punda tu, kumbe kuna Datsun ng'ambo huko.)

Hiyo si puli ya kuzungushia beliti tu bwana. Iangalie kwa mbele utaona ni vyuma viwili, kitovu cha ndani na ringi nzito ya nje, na katikati kuna mpira mwembamba unaovishika. Krenki ya silinda sita ni ndefu, kila silinda ikilipuka inainyonga kidogo kama unavokamua kikoi, inajirudisha, na kabla haijatulia mlipuko mwengine huo, mitatu kwa kila mzunguko. Ile ringi na mpira ndio wanaomeza hiyo tetemeko, bila wao krenki yaweza kukatika kweli. Sasa ukigonga ringi mpira unaachia, na ukigonga kitovu kishindo chaenda moja kwa moja kwa zile beringi zinazozuia krenki isicheze mbele na nyuma, ambazo umetoka kuzinunua juzi.

Kwa nini imekwama? Dampa ya L24 si ya kulazimishwa kama za V8 za Kimarekani, kukiwa safi waisukuma kwa viganja inateleza. Ikigoma mi huangalia kii kwanza, kile kichuma kinachoifunga dampa na krenki zizunguke pamoja. Ile kii ya nusu mwezi ukiisukuma vibaya inalala, nyuma inazama mbele inainua pua, kitovu kinafika hapo kinaipanda. Itoe dampa kwa pula (kile chombo cha kuivutia nje) inayoshika kitovu, SIO ringi ya nje, alafu ilaze kii sawa na shafti, pitisha kidole ndani ya kitovu na kwenye mfereji wa kii utafute mchubuko, ukiupata ni tupa laini taratibu, usitumie grainda tafadhali. Halafu tazama kwenye kitovu pale mdomo wa oili sili (mpira unaozuia oili isivuje) unapokaa, kama sili imekula mfereji hapo na kucha inanasa basi sili mpya itavuja vilevile, kivishe bushi nyembamba ya kurekebishia ama tafuta dampa nyengine. Paka oili kwenye mdomo wa sili, silikoni kidogo sana ndani ya njia ya kii manake oili hupenda kupenya hapo, isukume, kisha bolti na washa yake kwa spana ya toki kwa kipimo cha manual. Krenki izuie kwa meno ya flaiwili. Bolti hiyo isiwe na mchezo hata kidogo, maana ndio inabana pia sproketi na gia inayoendesha pampu ya oili na distributa, ikilegea kii inatafuna krenki.

Lakini kabla ya yote hayo, una hakika dampa yenyewe ni nzima? Hapa ndipo mimi nilipoumia. Kuna 240Z tuliifunga hapa Malindi, gari lililala chini ya mkungu miaka na miaka, dampa nikaisafisha kwa petroli (kosa la kwanza, petroli na mpira haviivani) nikaipiga rangi nyeusi ikang'aa kama mpya. Injini ikawaka. Nikaweka taimingi, yaani wakati wa cheche, kwa taa, digrii 10 kabla pistoni haijafika juu, safi. Kwenda Gede tu mshale wa joto huo unapanda, gari halivuti, manifoldi ya ekzosi usiku nyekundu kama kaa la mshikaki. Tukalaumu rejeta, tukalaumu kabureta zote mbili, mwenye gari akanuna wiki nzima na haki yake, hii ndio injini iliyompa Shekhar Mehta Safari Rally ya 1973 na yangu haifiki Gede!

Kumbe ringi imeteleza juu ya mpira, na alama za taimingi ziko kwenye ringi. Alama yasema 10 kabla, cheche yatoka pistoni imeshaanza kushuka.

Nilivyoijua: toa plagi zote, betri toa waya. Nilichukua plagi kuukuu nikavunja kauri yake nikachomelea bolti, nikaifunga silinda ya kwanza. Zungusha krenki kwa mkono, polepole, pistoni iguse bolti, tia alama kwenye ringi mbele ya mshale wa taimingi ulio kwenye injini. Rudisha upande wa pili mpaka iguse tena, alama nyengine. Katikati ya hizo mbili ndio juu kamili, na sifuri ya dampa ikae hapo hapo. Yangu ilikuwa imehama karibu digrii 15.

Kwa hivyo fanya hicho kipimo kabla hujawasha. Ukimaliza chukua rangi nyeupe, piga mstari mmoja kuanzia kitovu, juu ya mpira, mpaka ringi. Tembea nayo wiki mbili hivi alafu ufungue boneti uangalie, mstari ukiwa umekatika pale kwenye mpira, dampa hiyo kwishney, usinitumie picha ya kuniuliza.