Ukisaga oksidi, usitazame ulaini wa unga pekee

Waliozoea makarasha ya Chunya huuliza jambo moja: unga umelainika kiasi gani? Kwa mwamba wa dhahabu, swali hilo linatosha. Kwa oksidi, yaani kiwanja cha oksijeni na elementi nyingine, ya kutengenezea vigae, rangi au sampuli za maabara, halitoshi. Gololi za kinu cha kusagia zinapogongana hazivunji punje tu, bali husukuma atomu kutoka kwenye safu zake.

Chukua titani dioksidi, unga mweupe wa rangi za ukutani. Katika muundo wa anatasi, mmoja wa mipangilio ya atomu zake, sentimita moja ya ujazo ina takriban gramu 3.9. Ikisagwa kavu kwa nguvu, sehemu yake hugeuka muundo ambao kwa kawaida huhitaji mgandamizo mkubwa, kisha rutili, mpangilio mwingine, yenye gramu 4.2. Kwa tanuri pekee, kazi hiyo kwa kawaida hudai nyuzi 600 na zaidi.

Kausha unga kwa nyuzi 110, saa mbili. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini usipunguze moto kwa sababu hiyo: unyevu ulioshika uso wa punje ni mbishi. Weka gramu 10 za unga kwa gramu 100 za gololi, chombo kisizidi nusu. Saga dakika 15, pumzisha 15, la sivyo hutajua kilichobadilisha unga ni kipigo au joto. Chota nusu gramu ya kupima kila baada ya saa mbili. Kama unachotaka ni ulaini tu, ongeza maji. Hupunguza sana uharibifu wa fuwele, yaani zile safu za atomu.

Kwenye kipimo cha eksirei cha shaba, kinachoonyesha mpangilio wa atomu kwa vilele kwenye mchoro, kilele cha anatasi huonekana kwenye pembe ya nyuzi 25.3, cha rutili 27.4. Vilele vikipanuka, usikimbilie kusema fuwele zimekuwa ndogo. Mkazo ndani ya fuwele nao huvipanua, hasa vile vya pembe kubwa.

Unga ukiwa kijivu, choma kidogo hewani kwa nyuzi 500, saa moja. Ukirudi mweupe, ulikuwa umepoteza oksijeni. Ukiwa na wekundu wa kutu, ni chuma cha gololi, hamia gololi za zirkonia, kauri ngumu.

Kwatzi, oksidi ya silikoni, isagwe na maji kila inapowezekana. Vumbi lake lililotoka kuvunjwa ni kali zaidi kwa mapafu kuliko la zamani, na kitambaa cha kufunga mdomoni hakilizuii.