Treni Inarukaruka Mlimani

SWALI: Ninajenga njia ya reli ya kubuni kwenye kompyuta. Milima nimeitoa kwenye data za SRTM (vipimo vya urefu wa ardhi vilivyopigwa kwa rada kutoka angani), lakini treni inarukaruka, kisha inakwama. Niache uhalisia nichore ardhi nipendavyo?

JIBU: Usiuache. Kosa ni kulaza reli juu ya ardhi kama ilivyo. Data hizo zina nukta moja kila mita 30 hivi, na mwangwi wa rada hurudi pia kutoka kwenye miti na mapaa, si udongo tu. Matuta yanatokea hapo.

Laza reli kwanza, kwa mwinuko (kiwango cha kupanda) usiobadilika, halafu irekebishe ardhi iifuate: jaza tuta bondeni, chimba mkato kilimani. Kwa treni ya mizigo usizidi asilimia 2, yaani mita 20 kwa kilomita. Kupanda mita 250 kunadai kilomita 12.5. Nafasi haitoshi? Sasa buni: zungusha njia ubavuni mwa mlima, au toboa handaki. Ndani ya kona kali punguza mwinuko, maana kona nayo huikaba treni.

Majina ya stesheni buni upendavyo. Jukwaa la mabehewa 8 ya mita 20, hata hivyo, lisipungue mita 160.