Dawa si feki mkuu, bonge linaondolewa na damu yenyewe

Mtoa mada anasema mzee wake huko Nachingwea ana bonge la damu kwenye vena ya mguu, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni. Kameza vidonge wiki tatu, karudia utrasaundi, bonge bado lipo, na sasa anahisi kauziwa dawa feki. Swali hilo hilo nilishamuuliza daktari, tena nikiwa nimenuna.

Mimi nipo Newala. Nilidondoka na pikipiki, mfupa wa muundi ukavunjika, nikakaa na hogo, lile plasta gumu, wiki sita. Lilipotolewa, mguu ule mmoja ukaanza kuvimba na kuwa wa moto. Kituo cha kwanza wakaniambia ndivyo miguu inavyokuwa ikitoka kwenye hogo, wakanipa diklofenaki ya maumivu. Bibi naye alishachemsha mwarobaini, anataka kunikanda. Aliyeniokoa ni mke wangu, ambaye ni fundi cherehani. Alichukua futi yake akapima shavu la mguu, kiganja kimoja chini ya goti. Mguu usioumwa sentimita 35, huu uliovimba 40. Kesho yake tukapanda gari la Mtwara.

Huko utrasaundi ikalionesha bonge. Nikaanza na sindano za tumboni, kisha warfarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda. Mwezi ulipoisha nikalalamika kama wewe. Daktari akaniambia nipandishe shati, akaonesha pale sindano zilipokuwa zimeacha damu imevilia. Palikuwa zambarau, sasa pana kijani na njano. "Hapo umepaka dawa gani?" Sijapaka kitu. "Basi na mguuni kazi ni hiyo hiyo, ila kule ni kubwa zaidi."

Alivyonieleza ni hivi. Vidonge haviyeyushi bonge, vinalizuia lisikue na mengine yasizaliwe. Wanaolibomoa ni wenyeji. Bonge ni wavu wa nyuzi za protini iitwayo faibrini, ulionasa chembe nyekundu nyingi na chembe sahani, zile ndogo za kugandisha damu. Hizi chembe sahani nazo zilichangia fujo, lakini baadaye huzivuta zile nyuzi kama wavuvi wa Mikindani wanavyovuta juya, bonge likajikunyata na damu ikapata upenyo pembeni.

Kisha zinaingia chembe nyeupe. Wanaotangulia ni nyutrofili, na hapa mambo hayajanyooka, maana hao hao hutema nyuzi zao za DNA ambazo zinaweza kulikaza bonge. Wenye msaada mkubwa ni monositi wanaofuata nyuma. Wakishaingia kwenye bonge wanageuka makrofaji, walaji wakubwa, wanameza chembe nyekundu zilizokufa. Ile kijani na njano ya tumboni kwangu ilikuwa mabaki ya rangi nyekundu ya damu baada ya walaji hao kuivunjavunja. Pia wanatoa urokinasi, kimeng'enya kinachoamsha plasminojeni iliyolala ndani ya damu. Ikiamka inaitwa plasmini, na hiyo ndiyo mkasi wa faibrini. Ukuta wa mshipa nao una kiamshaji chake. Kwa hiyo bonge linaliwa kidogo kidogo, vijishipa vidogo vinaota ndani yake, na kinachobaki kinageuka kovu.

Kazi hiyo ni ya wiki na miezi, ndiyo maana dozi huwa si chini ya miezi mitatu. Zipo dawa za kuyeyusha moja kwa moja, lakini zinaweza kumwaga damu hata kichwani, hivyo zinawekwa kwa hali za hatari. Wiki tatu bado mapema sana, mkuu. Mzee asiache vidonge kwa hasira.

Na mguu usikandwe! Kipande kikichomoka kinakimbilia kwenye mapafu. Akianza kuhema kwa shida ghafla, kifua kikamchoma au akakohoa damu, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Kama anatumia warfarini, kisamvu na matembele ale kwa kiasi kile kile kila wiki, asiache kabisa halafu siku moja akala sufuria zima, maana vitamini K iliyomo inapingana na dawa. Diklofenaki asiiguse. Uraka nao, ile pombe ya mabibo, samahani sana, msimu wa mabibo mimi niliupisha, na ilikuwa ngumu kuliko sindano.

Futi ya mke wangu ilishuka taratibu: 40, wiki kadhaa baadaye 38, leo ni 36 na nusu. Haijawahi kurudi 35. Daktari anasema vali za ndani ya vena, vile vilango vinavyozuia damu isirudi chini, ziliumia kabla walaji hawajamaliza kazi, ndiyo maana jioni mguu unakuwa mzito. Nikienda Dar navaa soksi ndefu za kubana, na gari likisimama Nangurukuru nashuka kutembea hata kama sina njaa.

Mzee anameza warfarini au hivi vidonge vipya visivyohitaji kupima damu mara kwa mara? Na futi inasemaje, mguu umepungua au uko vile vile? Mpime leo uturudishie jibu.