Usifunge mlango wa ukumbi: jibu kwa kocha anayesumbuliwa na wazazi

Mleta uzi, nimesoma malalamiko yako yote. Unafundisha jimnastiki watoto wa shule ya msingi baada ya vipindi, wazazi wanawapigia kelele katikati ya zoezi, kila mmoja anataka wa kwake apandishwe kundi la wakubwa, na usiku simu hailali kwa meseji. Wadau wengi hapo juu wamekushauri ufunge mlango, wazazi wabaki getini mpaka muda uishe. Mimi nafanya kazi hiyo hiyo hapa Dar, ni mwanaume, na karibu watoto wangu wote ni mabinti. Ushauri huo naupinga.

Mchezo wetu umeumizwa sana na milango iliyofungwa. Timu ya taifa ya wanawake ya Marekani ilikuwa ikipiga kambi kwenye shamba la akina Károlyi, makocha mume na mke, huko Texas, mbali na mji, na wazazi hawakuruhusiwa kuingia. Daktari wa timu, Larry Nassar, aliwadhalilisha mabinti kijinsia kwa kisingizio cha matibabu, na shamba lile lilikuwa moja ya sehemu alizofanyia hayo. Januari 2018 mahakama ya Michigan ilimpa kifungo cha miaka 40 hadi 175, baada ya kusikiliza maelezo ya waathirika zaidi ya 150. Uingereza nako ripoti ya mwanasheria Anne Whyte ya mwaka 2022 kuhusu jimnastiki ilieleza watoto waliotukanwa, waliopimwa uzito kwa kudhalilishwa, na waliolazimishwa kufanya mazoezi wakiwa na majeraha. Sasa mimi mwanaume nijifungie na mabinti wa watu wa miaka minane, nimjibu nini mzazi atakayeuliza kulikoni?

Kwa hiyo mlango wangu uko wazi na benchi liko ukutani. Ila benchi lina masharti, na masharti hayo nayatoa siku ya kwanza ya muhula, kabla hatujakorofishana na mtu yeyote. Kushangilia ruksa. Kufundisha hapana. Kumwita mtoto aje anywe maji hapana, nitampeleka mwenyewe. Mwenye neno na mimi tunaonana zoezi likiisha, pembeni, mtoto asisikie.

Siku hiyo hiyo nawaonyesha mikono yangu. Namwita mtoto mmoja, mzazi wake akiwa pale, naonyesha ninavyomshika anapojirusha nyuma: mkono mmoja kiunoni upande wa mgongo, mwingine nyuma ya paja, na kwa nini nisipomshika hapo anaweza kutua kwa kichwa. Wasioridhika nawaruhusu waulize mbele ya wenzao. Wapo makocha wanaoona hii ni kujidhalilisha. Mimi naona imenipunguzia minong'ono ya getini kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kufanya.

Hapo niseme na habari ya mavazi, maana kuna mdau ameandika kwamba wazazi wa Kiislamu wanaokataa vile vivazi vya kubana vya miguu wazi ni wasumbufu. Si wasumbufu. Timu ya wanawake ya Ujerumani ilicheza Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 ikiwa imevaa mavazi yaliyofunika miguu mpaka vifundoni, na kanuni zinaruhusu. Kinachonihusu mimi ni nguo isiwe pana ikaninasa vidole wakati namshika mtoto. Baba akisema binti yake avae suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, jibu ni "sawa mzee", yameisha.

Tuje kwa wapiga kelele. Nilikuwa na baba mmoja, mtu mzima wa heshima zake, ambaye binti yake alikuwa anajifunza kutembea kwenye boriti. Ile boriti upana wake ni sentimita 10. Kila binti akifika katikati, sauti inatoka benchi: "Nyoosha goti! Si nilikuonyesha jana?" Mtoto anageuza kichwa kumtafuta baba, bega linafuata kichwa, nyonga inafuata bega, yuko chini. Anapanda tena, sauti tena, chini tena. Sikumjibu pale pale, maana mzazi ukimkosoa mbele ya wazazi wenzake umeanzisha vita. Zoezi lilipoisha nilimfuata kwenye gari, shikamoo yangu nikatanguliza, nikamwambia: "Mzee, mtoto akiwa juu pale anaweza kusikia sauti moja tu. Alhamisi iwe ya kwako au yangu? Ikiwa yako, mimi nitakaa benchi." Akacheka, akasema kaa na boriti yako. Alhamisi alikuja na gazeti.

Si kila mmoja atacheka. Wewe umesema bado kijana, basi utaambiwa tu kama nilivyoambiwa: "Hujazaa bado, utanieleza nini kuhusu mtoto?" Usibishane na hilo. Kubali kwamba yeye ndiye anayemjua mtoto, kisha rudi kwenye kitu unachokijua wewe, yaani kiwiko, goti, mgongo. Huko hawezi kukufuata mbali.

Kelele zenyewe ni jambo dogo. Shughuli kubwa ni haraka. Mzazi amemwona mtoto wa miaka mitano kwenye klipu ya TikTok anapiga samasoti tatu mfululizo, na ada amelipa, anataka kujua wa kwake kwa nini bado analala chali anakaza tumbo. Ukimwambia "muda wake bado" anasikia "humpendi mtoto wangu". Mimi natumia kadi. Kwa ule mruko wa kujirusha nyuma na kupita kwa mikono, kadi inasema mtoto asimame kwa mikono kifua kikitazama ukuta mpaka nihesabu hadi thelathini, apige daraja viwiko vimenyooka, aangukie mgongo kwenye godoro nene mara kadhaa bila kukunja mikono, na aweze kuniambia mwenyewe yuko tayari. Kila kipengele kinawekewa tiki mbele ya mzazi akitaka. Mama akija na hasira nampa kadi, namwambia, "Mama, chagua tuanzie wapi." Mara nyingi anamwita mtoto apige daraja, anaona viwiko vinavyotetemeka, na anapoa mwenyewe.

Wale wenye ndoto za Olimpiki nawapa hesabu. Nadia Comăneci wa Romania alipopata 10 kamili, alama ya juu kabisa, kule Montreal mwaka 1976 alikuwa na miaka 14. Leo asingeruhusiwa kushiriki: tangu 1997 mwanamke lazima awe anatimiza miaka 16 ndani ya mwaka wa mashindano. Binti yako ana saba. Huyo ana miaka tisa mbele yake, tunakimbilia wapi?

Penye haraka ndipo pana hatari, na hapo mimi huwa mkali. Kuna wazazi wanaowafundisha watoto nyumbani. Unamjua mtoto wa namna hiyo anavyoingia ukumbini: anatembea kama amepanda farasi, ukimwambia apige msamba anakunja uso kabla hajagusa chini. Ukimuuliza taratibu anakwambia jana usiku alikuwa anakandamizwa mabega na mama huku anaangalia katuni. Mzazi wa aina hii namweleza bila kupakapaka. Mifupa ya mtoto karibu na ncha zake ina sehemu ya gegedu inayokua, na sehemu hiyo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Ndiyo maana maumivu ya kifundo cha mkono au ya kisigino kwa mtoto wa jimnastiki hayaitwi uvivu. Na mtoto anayeumwa kiuno kila akijipinda kurudi nyuma hafanyi zoezi kwangu mpaka daktari amwone, hata kama maonyesho ni kesho na ndugu wametoka Morogoro kuja kumtazama. Nimenuniwa kwa hilo. Acha wanune.

Vivyo hivyo na woga. Mtoto aliyekuwa anajirusha nyuma vizuri, ghafla wiki hii anagoma, anasimama pale mwisho wa mkeka analia. Mzazi anasema anadeka, msukume. Huwa nawakumbusha Simone Biles, Mmarekani mwenye dhahabu nne za Olimpiki ya Rio 2016: Tokyo mwaka 2021 alipotea hewani, mizunguko miwili na nusu aliyoipanga ikawa mmoja na nusu, akajitoa kwenye fainali ya timu. Miaka mitatu baadaye Paris akachukua dhahabu tatu. Kama yeye aliruhusiwa kusema "leo hapana", na huyu wa darasa la tatu aruhusiwe. Namrudisha hatua mbili nyuma kwenye godoro nene, na mzazi namwomba asilitaje suala hilo mezani nyumbani.

Zawadi zipo pia. Mfuko wa mchele wa Kyela wiki moja kabla ya kupanga mstari wa mbele wa maonyesho si upendo, ni chai. Rudisha kwa upole, mpe na mwenye mchele heshima yake: "Mama nashukuru, nitapokea baada ya maonyesho." Baada ya maonyesho wengi huwa wamesahau.

Meseji za usiku ni rahisi kuliko unavyodhani. Grupu la WhatsApp liweke admini peke yake ndiye anaandika, liwe la ratiba na ada basi. Jina la mtoto wa mtu lisitajwe humo, kwa sifa wala kwa lawama. Mtu akikutumia ujumbe wa sauti saa tano usiku, jibu asubuhi, mstari mmoja: nimeupata, karibu Jumamosi nusu saa kabla ya mazoezi. Wengi hawaji. Anayekuja ana jambo la kweli, msikilize.

Kuna mmoja hutamweza, nisikudanganye. Ni yule anayempiga mtoto kwenye maegesho kwa sababu alianguka kwenye boriti. Hapo usitafute maneno mazuri ya kumwambia, andika ulichokiona, siku na saa, upeleke kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa, na namba 116 ya kusaidia watoto inapigwa bure. Mzazi atakuhamishia mtoto klabu nyingine na atakusema vibaya mjini kote.

Kwa yule mama uliyesema anataka binti yake aingie kundi la wakubwa kabla ya likizo: mpe kadi wiki hii, mwite Jumamosi, na mwombe mwalimu wa michezo akae nanyi. Usionane naye peke yako getini.