Kabati la sinki chini ya graniti: MDF ya milimita 16 itahimili?

Mkuu, umeuliza kama kabati la MDF (bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya milimita 16 litabeba graniti ya mita 3 yenye sinki la mabakuli mawili. Kubeba, litabeba. Graniti ya unene wa milimita 30 ina takriban kilo 81 kwa mita ya mraba, hivyo kaunta yako yenye upana wa sentimita 60 ni kama kilo 145 kabla ya kukatwa tundu. Bodi zilizosimama wima haziangushwi na uzito huo.

Pa kuogopa ni hapo kwenye sinki. Jiwe linabakiwa na ukanda wa sentimita 6 hadi 8 tu mbele na nyuma, na graniti haivumilii kupinda. Ufa huanzia kwenye kona ya tundu.

Chini ya ukanda wa mbele weka ubao wa mbao ngumu, mninga au mkongo, inchi 1 kwa 4, usimame kwa ubavu. Ukiulaza utabonyea katikati. Ubao wa ukanda wa nyuma ukaze ukutani. Ncha za ubao wa mbele zisishikwe na skrubu peke yake, kwani MDF hupasuka ukiikaza skrubu ukingoni. Kila kona simamisha mbao ya inchi 2 kwa 2 kuanzia kwenye kitako cha kabati, ubao uikalie.

Halafu maji. MDF ikilowa huvimba na kubomoka, sakafu ya kabati inashuka upande mmoja, jiwe linabaki likielea. Kama fundi ameshakata bodi zote, mwambie abadilishe boksi la sinki tu, atumie marini bodi (plaiwudi inayostahimili maji) ya milimita 18 na kuziba kingo zote kwa vanishi, hata matundu ya kupitishia mabomba. Hayo matundu ndiyo husahaulika.

Sinki linalofungwa chini ya jiwe liwe na papi (mbao nyembamba) zake mbili za kulikalia. Bakuli la sentimita 40 kwa 40 lenye kina cha 20 hujaa lita 32, kwa hiyo mawili ni kilo 64 bila vyombo. Silikoni ya kuzunguka sinki iachiwe kazi ya kuzuia maji tu.

Funga kabati zote pamoja, kisha pitisha juu yake pima maji (kifaa cha kupimia usawa) ya mita 2. Ukiona mwanya unaozidi milimita 2, piga kabari za plastiki chini ya kitako. Usikubali saruji isindiliwe kati ya kabati na jiwe. Inaacha vinundu vigumu, na jiwe hupasukia hapo. Madonge ya silikoni kila sentimita 30 yanatosha.

Kwa mkata mawe: kona za tundu ziwe za mviringo, nusu kipenyo kisipungue milimita 10, na maungio ya jiwe yakae juu ya bodi iliyosimama, mbali na sinki. Jiwe libebwe wima, ukanda wa sinki ukiwa umefungiwa mbao kwa klampu. Na asipime mpaka kabati zimeshakazwa ukutani.