Kuvua wolai mtoni jioni baada ya wiki nzito: jibu kwa aliyeuliza kama inafaa

Ndugu uliyeuliza kama inafaa mtu aliyechoshwa na wiki ya kazi aende kuvua wolai (samaki aitwaye walleye kwa Kiingereza) mtoni jioni ya Ijumaa, na kama jambo hilo linawezekana bila mashua, jibu langu ni kwamba inafaa na inawezekana, ila si kwa sababu inayotajwa na wengi. Watu watakuambia kuwa utapata utulivu. Mimi ninaishi kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na nilivyoona ni kwamba mtu mwenye mawazo mengi akiketi kimya kando ya maji, mawazo yale humfuata na kuketi naye. Anayesaidia ni samaki mwenyewe, kwa sababu wolai (Sander vitreus) wa mtoni hashikiki na mvuvi aliyekaa tu.

Niliwahi kujaribu uvuvi wa boya. Unatupa chambo, unaliangalia boya linavyoelea, na kichwani unaendelea kumjibu msimamizi wa zamu maneno ambayo hukuthubutu kumwambia kazini. Kwa wolai hutumika jigi, yaani ndoano iliyotiwa kichwa cha madini ya risasi, ikiwa imevishwa kisamaki, ruba au nyungunyungu. Unaitupa ikielekea juu kidogo ya mkondo, unaiacha izame huku mshipi ukiwa umekaza, kisha unainua ncha ya fimbo kiasi cha shubiri moja na kuiteremsha tena, ili jigi iende ikigusa mawe ya chini bila kulala juu yake. Ikiwa nyepesi mno mkondo utaichukua na hutaisikia chini kabisa. Ikiwa nzito mno itanasa kwenye mawe na utakata mshipi jioni nzima. Mimi huanza na gramu 7, na maji yakiwa na nguvu ninapanda hadi 10. Kazi yote iko katika kidole cha shahada kilichogusa mshipi, kwa kuwa wolai mara nyingi hula jigi inaposhuka, na dalili yake huwa mdundo mmoja mdogo, au pengine uzito tu ambao haukuwepo awali. Anayewaza habari ya bili au ya michango ya nyumbani haupati mdundo ule. Ndiyo maana nasema kinachopumzika ni kichwa, wala si mwili, maana utarudi nyumbani mabega yakiuma.

Kuhusu wakati, jioni si suala la mandhari. Wolai ana utando nyuma ya jicho unaoakisi mwanga, kama alionao paka, hivyo nuru inapofifia yeye bado anaona vizuri kuliko visamaki anavyowinda. Mchana hukaa chini penye kina na kivuli. Jua likizama husogea maji mafupi kuwinda, na hapo ndipo mtu wa ukingoni anapomfikia bila mashua. Wewe uliyezoea jua la kwetu, linalozama karibu saa ile ile mwaka mzima, zingatia kwamba hapa Minnesota mwezi wa Juni jua huzama karibu saa 3 usiku, na mwenye zamu ya alfajiri Jumamosi hawezi kusubiri kiasi hicho. Kwa hiyo mimi napenda zaidi Septemba na Oktoba, miezi ambayo giza huja mapema, maji yamepoa, samaki wanakula kwa bidii na mbu wamepungua.

Mahali ninapokwenda ni chini ya bwawa la Coon Rapids kwenye Mto Mississippi, ambako kuna bustani ya umma na njia ya miguu iliyovuka juu ya bwawa. Usitupe katikati ya mkondo ukidhani samaki wako penye nguvu. Tafuta mpaka ambapo maji ya kasi yanakutana na maji yaliyotulia. Mara nyingi utauona kwa mstari wa povu. Wolai hujibanza upande uliotulia, akingoja mkondo umletee chakula. Usiukaribie ukuta wa bwawa wala usivuke mabango ya onyo, kwa sababu maji yanayoanguka pale hujiviringisha na kumrudisha mtu chini hata akijua kuogelea. Vaa viatu visivyoteleza, na usiende usiku bila taa ya kichwani.

Wiki moja tuliyofiwa na mzee niliyekuwa nikimhudumia kwa muda mrefu, huku wenzetu wawili wakiwa hawapo na zamu zikiunganishwa, nilikwenda pale nikiwa bado nimevaa sare. Samaki alikula wakati taa za daraja zimekwisha kuwaka. Hakuruka kama wafanyavyo samaki wengine. Alivuta kuelekea chini, kichwa kikitikisika kwa uzito. Nilipommulika majini, jicho lake liling'aa jeupe kabisa, na ncha ya chini ya mkia ilikuwa na baka jeupe, alama inayomtofautisha na binamu yake anayeitwa soga (sauger). Usimshike mdomoni, kwa kuwa ana meno marefu makali, na angalia miiba ya pezi la mgongoni pamoja na kingo za mifuniko ya matamvua, ambazo hukata vidole. Lowesha mikono kwanza ikiwa unakusudia kumrudisha.

Leseni ya uvuvi ni lazima kwa aliyetimiza miaka 16. Bei ya mkazi ni nafuu kuliko ya mgeni, na ukazi huhesabiwa baada ya kuishi jimboni siku 60. Msimu wa wolai katika maji ya ndani ya jimbo hufunguliwa katikati ya Mei na kufungwa mwishoni mwa Februari, lakini sheria hubadilika kipande kwa kipande cha mto: kati ya bwawa la Ford na lile la Hastings, yaliyo chini zaidi kwenye Mississippi hiyo hiyo, kwa mfano, kila wolai anatakiwa kurudishwa majini. Soma kijitabu cha mwaka huo cha Idara ya Maliasili kabla ya kutia samaki ndooni. Chambo kilichobaki kitupe kwenye pipa la taka, kamwe si mtoni. Ukiruhusiwa kubeba, nyama yake ni nyeupe, haina miiba mingi, na ikipakwa unga wa mahindi na kukaangwa inakwenda vizuri na ugali. Ila kama nyumbani kuna mjamzito au watoto, fuata kiwango kilichowekwa na Idara ya Afya ya jimbo, kwa sababu ya zebaki iliyomo katika samaki wa huku.