Je, ruzuku ya fedha huwafanya maskini wazae zaidi?

SWALI: Nimesikia kwamba wanawake wa kaya zinazopewa ruzuku ya fedha huzaa zaidi ili waongezewe malipo, ilhali wengine husema fedha hizo huwawezesha kutumia uzazi wa mpango. Ukweli ni upi? Je, haifai malipo hayo yatolewe kwa sharti la kutumia uzazi wa mpango?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu ya kwanza haikuzuka bure, lakini imekuzwa kupita kiasi. Nchini Honduras, ambako mtoto mpya aliweza kuiongezea familia malipo, watafiti waliona dalili kwamba uzazi ulipanda kidogo. Walipochunguza mipango ya ruzuku ya Meksiko na Nikaragua, ambayo haikuwa na kishawishi cha namna hiyo, hawakuona ongezeko. Kwa hiyo linalostahili kuulizwa kwanza ni jinsi malipo yanavyokokotolewa, wala si tabia ya maskini.

Kuhusu uzazi wa mpango, fedha hufungua njia ambayo si lazima ifike mwisho. Mama anayepata nauli ya kwenda kituo cha afya, na ambaye halazimiki kumwomba mumewe kila senti, ana nafasi kubwa zaidi ya kuamua. Hata hivyo, akikuta sindano na vipandikizi vimekwisha, au mhudumu anayemkaripia, ruzuku haitamsaidia. Mpango wa ruzuku wa Progresa, ulioanzishwa Meksiko mwaka 1997, uliwataka akina mama wahudhurie kliniki na mafunzo ya afya, na hapo ndipo walipoweza kukutana na huduma za uzazi wa mpango. Kwa wasichana, njia huwa nyingine kabisa: katika wilaya ya Zomba, Malawi, wasichana waliopewa fedha bila masharti walipungua kuolewa na kupata mimba mapema, jambo ambalo naliona kuwa na uzito kuliko hesabu yoyote ya vidonge vilivyogawiwa.

Sharti unalopendekeza nalipinga kwa nguvu zote. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo, uliofanyika Cairo mwaka 1994, ulithibitisha haki ya kila mtu kuamua kwa hiari idadi ya watoto wake na muda wa kupishana kwao, na India ya miaka ya 1975 hadi 1977, watu walipofungwa uzazi kwa shinikizo na vishawishi, inaonyesha madhara ya kuikiuka. Mwenye njaa aliyeambiwa achague kati ya chakula na kipandikizi hajapewa hiari.